Kisigino cha Baba Mkwe

Kwa miaka tisa Tusekile aliishi hatua mia moja tu kutoka nyumba ya baba mkwe wake, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuona uso wake. Msicheke. Huko Mbugani, katika bonde la Kyela, mkamwana aliyemtazama baba wa mumewe machoni alikuwa sawa na aliyemvua nguo mbele za watu. Hakumtazama, hakuzungumza naye, hakulitaja jina lake. Akisikia kikohozi chake njiani alijitupa migombani, akageuza mgongo mpaka mzee apite. Mimi nitalitaja jina hilo, maana sikuolewa kwake: aliitwa Ambilikile, na enzi za ujana wake hapakuwa na mwanamume bonde zima aliyeruka kama yeye kwenye ngoma za msibani.

Mila hiyo ilikuwa na akili yake, na migomba iliisaidia. Njia za watu hupinda, na kila hatua kumi pana mgomba wa kujifichia. Kisha akaja Mjerumani, akakaa kule juu kwenye boma la Tukuyu, na siku moja akataka barabara. Ilikuwa barabara pana, iliyonyooka, migomba imefyekwa pande zote mbili, na kando yake mitaro mirefu ya kupitisha maji. Waliochimba ni watu wa bondeni wenyewe. Hakuna aliyewauliza kama wana wakwe.

Basi asubuhi moja, mvua kubwa zilipoanza, Tusekile alikuwa akirudi kutoka ziwani, chungu kikubwa kichwani. Mvua ilikuwa nzito, mtu haoni hatua kumi mbele. Alipoinua macho, mtu alikuwa amekwisha kumkaribia, na kwa ule mwendo wa mabega akajua ni nani kabla macho yake hayajafika usoni. Akageuka. Lakini kugeuka katikati ya barabara si kujificha, na mwanamke mwenye chungu kichwani hawezi kujitupa popote. Aliyejitupa ni mzee. Kwa kumstahi mkamwana wake, Ambilikile, mtu wa miaka sitini na ushei, aliruka mtaroni, na mtaro ule ulikuwa na kina cha kimo cha mtu. Goti lake la kushoto likapinda upande ambao goti halikuumbiwa.

Tusekile alimsikia akianguka. Hakuweza kwenda kumwinua. Alisimama pale pale, amempa mgongo, mvua ikimpiga, akapiga kelele za kuita watu mpaka sauti ikakauka, huku mzee akiguna nyuma yake, chini, majini. Baadaye alisema kwamba hakuna jambo aliloona gumu maishani kuliko kutogeuka siku ile.

Na ugumu ulizidi kwa sababu mikono yake ilijua la kufanya. Tusekile hakuwa mtu wa Mbugani. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule milima inapoingia ziwani na watu hawana pa kulima, kwa hiyo wanaume huvua na wanawake hufinyanga. Mama yake alifinyanga, bibi yake alifinyanga, na jioni wavuvi waliporudi na mabega yaliyokaza, ni hao hao wanawake waliowakanda, maana mtu aliyekanda udongo tangu alfajiri anajua kitu kigumu kinavyolainika. Tusekile alianza na mabega ya wapiga makasia akiwa bado hajavunja ungo. Vijana walioshindana mitumbwi kutoka Ikombe hadi Matema walikuja kwake na viwiko vilivyovimba, na misuli ya migongo iliyojifunga mafundo, nao walirudi kwenye kasia baada ya siku tatu, au saba, au mwezi, lakini walirudi. Kaka yake Asegelile, nahodha wa mtumbwi uliokuwa haushindwi, aliwahi kutenguka bega mara mbili, na mara zote mbili ni dada yake aliyelirudisha.

Alipoolewa na Andongwisye na kuja Mbugani, akawaongeza wachezaji wa ngoma. Wanaume wa huku humzika mtu kwa kuruka, mikuki mikononi, na wanaporuka vifundo vya miguu huteguka. Akawaongeza na watoto. Mtoto aliyechelewa kutembea, mtoto aliyezaliwa na shingo iliyolala upande, wote waliletwa. Binti yake mwenyewe, Neli, alizaliwa nyayo zikiwa zimetazamana kama watu wanaosemezana siri. Majirani wakasema ndivyo Mungu alivyopenda. Tusekile akasema samaki mkunje angali mbichi, akazikanda nyayo zile kila asubuhi tangu wiki ya kwanza, akizifunga kwa magome laini ya mgomba, kidogo kidogo, mwaka na nusu. Sasa Neli ana miaka saba na hakuna anayemkamata akikimbia.

Huyo ndiye aliyesimama barabarani akaachia wengine wamtoe mzee mtaroni.

Wakambeba hadi nyumbani, wakamlaza kwenye ngozi ya ng'ombe, na kuanzia hapo wakamwangamiza kwa mapenzi. Mkewe, Angetile, alimwekea kitita cha majani makavu chini ya goti, kwa sababu goti likiwa limekunjwa maumivu yalipungua. Chakula akaletewa, maji akaletewa, moto akaletewa. Kila mtu alimwambia atulie. Mmisionari mmoja alipita, akamwombea, naye akamwambia atulie. Akatulia miezi mitatu. Uvimbe ukaisha, na mguu ukabaki umejikunja vile vile.

"Babu anakaa kama panzi," Neli alimwambia mama yake. Wajukuu hawana miiko na babu zao, wanaingia na kutoka, wanamtania na kumvuta ndevu.

Hapo ndipo Anyisile aliposema. Anyisile alikuwa mdogo wake Ambilikile, mtu mwenye sauti na kumbukumbu, na hakumpenda Mkisi yeyote aliyeletwa kwenye ukoo. Alisema mbele ya wanaume wote wa ukoo, Andongwisye akiwepo na kichwa chini, kwamba mwanamke mwenye adabu angeruka mtaroni yeye na chungu chake. Alisema mkamwana aliyemwangusha mkwe wake hakai mji mmoja naye.

"Mvua zikikatika wazee watakaa," alisema. "Kaka yangu akiwa bado yuko kwenye ngozi, huyu mwanamke atarudi kwao Ikombe. Mtoto ni wetu, atabaki."

Andongwisye alirudi nyumbani, akamweleza mkewe yote bila kupunguza neno. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukata kuni za meli ya Mjerumani siku sita kwa wiki, na mbele ya baba yake mdogo ulimi ulimganda. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho. Alihofia kumpoteza Neli, tena alihofia hasa. Lakini hofu yake ilikuwa na ukingo. Ukingo huo ulikuwa kwamba mguu wa mzee, kwa yote aliyoyasikia kwa mtoto, haukuwa mguu uliokufa. Miguu ya namna ile alikuwa ameiinua mingi.

Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe wake nyuma ya zizi.

"Mama, mguu wa mzee umelala tu. Nipe mimi niuamshe."

Angetile alimshika mikono. "Utaukanda kwa mikono gani, mwanangu? Utautazama kwa macho gani?"

"Mikono nitaazima. Macho nitayatafuta kwenye udongo."

Akamweleza. Angekanda bamba la udongo wa kufinyangia, laini, nene kama kiganja. Neli angeliweka chini ya wayo wa babu yake, babu angekanyaga kadiri anavyoweza, bamba lingerudi kwake, na yeye angelisoma. Udongo aliufahamu kuliko alivyofahamu nyuso za watu. Kwao Ikombe mfinyanzi hupitisha kidole gumba kwenye ukuta wa chungu akajua, macho yamefumbwa, wapi ni pazito na wapi pataachia ufa.

Anyisile aliposikia alikuja na fimbo yake. Udongo uliogusa mguu wa mkwe, ukaguswa na mkamwana, alisema, ni sawa na mkamwana kumgusa mkwe.

"Chungu unachonywea pombe kila siku kimefinyangwa na nani?" Angetile alimuuliza. "Kimegusa mikono yake, kikagusa midomo yako. Mbona midomo haijaota majipu?"

Wanaume waliokuwepo walitazama pembeni wasicheke. Anyisile akasema mvua zitakatika tu, akaondoka.

Bamba la kwanza lilirudi likiwa juu ya jani la mgomba, Neli amelishika kama mtu aliyebeba mayai. Tusekile akakaa nalo kivulini. Vidole vitano vilikuwa vimezama. Ukingo wa nje wa wayo ulikuwa umezama. Kisigino hakikuwepo kabisa. Mzee aligusa udongo kama anayekanyaga majivu ya moto. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba taratibu, na mguu mzima ukamjia: goti limefungwa, shavu la mguu limekuwa fupi kwa kukunjwa, nyonga imepanda kuukimbia mguu. Kisha akamtuma Neli agonge kisigino cha babu yake kwa ngumi, polepole, aulize kama maumivu yanapanda juu kama mkuki. Jibu likaja kwamba hayapandi, na kwamba mtoto wa siku hizi hana heshima.

Mfupa ni mzima, basi. Tusekile alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtaro.

Akatuma habari Ikombe, na Asegelile akaja na wapiga makasia wenzake watatu, mtumbwi umejaa vyungu vya kuuza ili safari isiwe ya bure. Tusekile alimkalisha kaka yake nje, akaushika mguu wake wa kushoto, akaukanda kwa mafuta ya nyonyo kuanzia juu ya paja.

"Nikibonyeza hapa, unasikia nini?"

"Nasikia utaniua, dada."

"Vizuri. Nenda kabonyeze hapo hapo. Ukimaliza rudi nikuonyeshe pa pili."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Asegelile aliingia na kutoka, akichukua mguso mmoja mmoja kama mtu anayehamisha makaa. Mikono yake ilikuwa mizito mwanzoni, lakini ilikuwa mikono iliyowahi kukandwa na Tusekile miaka mingi, ikakumbuka. Neli alipewa kazi ya uzito. Baada ya maji ya moto na majani yaliyofukizwa, alisimama juu ya paja la babu yake na kutembea juu chini, visigino vyake vidogo vikikanyaga pale misuli ilipojifunga, maana kwa kazi hiyo mtu mzima ni mzito mno na mkono ni mwepesi mno.

Tusekile aliketi nje, mgongo wake kwenye ukuta wa mianzi, akisikiliza. Watoto walikuwa wamemfundisha jambo moja ambalo wapiga makasia hawakulijua. Mtoto anayelia hana neno. Mtoto anayenyamaza ghafla ndiye anayeumia.

"Mzee akiguna, endeleeni," aliwaambia kaka yake na wenzake. "Akinyamaza, acheni hapo hapo."

Mzee aliguna sana. Aliguna na kulalamika, akimwambia Asegelile kwamba watu wa Ikombe wakikosa udongo hufinyanga wazee wa watu. Kila siku kitita cha chini ya goti kilipunguzwa jani moja. Angetile hakupenda, lakini alipunguza.

Bamba la pili halikuwa na kisigino. La tatu lilikuwa nacho.

Neli alilileta akitazama chini, na Tusekile hakuuliza kwa nini anatazama chini. Alikuwa amekwisha kuliona shimo la kisigino, duara, lililozama vizuri, na furaha ikampanda kichwani. Masika yalikuwa yamebakiza mwezi. Akawaita vijana wote wanne.

"Leo atasimama. Mshikeni huku na huku. Nikisema mwacheni, mwacheni."

Akakaa mahali pake ukutani. Akawasikia wakimwinua, akasikia pumzi ya mzee ikitetemeka, akahesabu mpaka kumi.

"Mwacheni."

Alisikia mwili ukianguka kwa kishindo alichokwisha kukisikia mara moja barabarani, kisha akasikia kimya kile ambacho alikuwa amewaonya wakiogope. Goti lilivimba tena kabla ya jua kuzama. Anyisile alikuja, akatazama. Alisema tu kwamba sasa mwanamke huyu amemwangusha mara mbili.

Tusekile alirudi kwenye bamba. Lilikuwa limeanza kukauka kando ya ukuta. Safari hii alifumba macho kabla ya kuligusa, kama ilivyompasa tangu mwanzo, na kidole gumba kilipofika kwenye kisigino, kikasimama. Palikuwa laini. Mtu aliyetembea peku miaka sitini, akaenda na kurudi na ng'ombe kwenye mawe na miiba, hana kisigino laini. Ana magaga ambayo sarafu ingeweza kujificha ndani yake. Na juu ya ulaini ule, kwa mstari, palikuwa na mabonde madogo manne.

"Neli," aliita. "Njoo hapa. Nani aliyebonyeza hapa?"

Mtoto akaanza kulia. "Babu alisema nisikuambie."

"Mimi ni mama yako."

"Alibonyeza kwa ngumi. Akasema Babu Anyisile anahesabu mvua, na kisigino kikichelewa watakurudisha Ikombe. Akasema yeye hataki urudishwe."

Tusekile alikaa chini. Miaka tisa alikuwa amempelekea mtu huyu chakula kwa mikono ya wengine, amekimbia kikohozi chake, amelala kifudifudi migombani huku chawa wa kuku wakimtambaa shingoni, na hakuwahi kujua kama nyuma ya kikohozi kile palikuwa na mtu anayejua kwamba yeye yupo. Kumbe alijua. Aliruka mtaroni kwa ajili yake, kisha akasimama kwa mguu asioweza kuusimamia, kwa ajili yake. Alilia, wala hakumficha mtoto.

Kisha akakasirika, maana alikuwa mkandaji kabla ya kuwa mkamwana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee mzima alipaswa kulijua hilo. Zaidi ya yote alijikasirikia yeye. Wapiga makasia walimdanganya kila msimu kwamba hawaumwi ili warudi kwenye mtumbwi, naye hakuwahi kuwaamini hata mmoja. Huyu alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini.

"Nenda kwa babu yako," alimwambia Neli. "Mwambie mama anasema ndaga fijo. Mwambie ameshukuru kwa moyo wote. Halafu mwambie hivi: nikifukuzwa Mbugani nitafukuzwa kwa kosa langu, sitaki nibakizwe kwa ngumi yake. Kuanzia leo akanyage. Kama kisigino hakipo, aniletee mahali pasipo na kitu, nitajua pa kuanzia."

Neli akaenda. Kupitia ukuta wa mianzi Tusekile alisikia mtoto akisema yote kwa mpangilio, kwa ile sauti ya watoto waliotumwa. Kisha mzee akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyekamatwa, mpaka akaanza kukohoa, na Tusekile akainuka nusu akitaka kukikimbia kikohozi kile kabla hajakumbuka kwamba ukuta uko katikati.

Wakaanza upya. Maji baridi mpaka uvimbe ukashuka, kisha ya moto. Paja, shavu la mguu, kifundo. Asegelile aliuza vyungu vyote na bado hakuondoka. Alisema wenzake wanataka kuona mwisho wa ubishi huu. Mabamba yalipangwa kando ya ukuta, moja kila siku ya nne, na kwenye lile la sita, mahali pa kisigino palitokea mchirizi mmoja mwembamba kama uzi. Lilikuwa gaga moja, pembeni kabisa, limegusa kidogo na kuondoka. Tusekile alilionyesha kwa kila aliyepita. Watu walidhani amechanganyikiwa, kufurahia ufa kwenye udongo, yeye mfinyanzi.

Kwenye la tisa palikuwa na magaga matatu. Mzee akaanza kusimama ameshika nguzo ya nyumba, kisha amemshika Neli kichwani, kisha ameshika fimbo. Hawakumwachia mpaka Tusekile aseme, naye alikuwa bahili wa neno hilo. Mvua zikapungua, zikawa za usiku tu, zikakatika. Anyisile akatuma watu kuwaita wazee.

Lakini kabla wazee hawajakaa, mmoja wao alifariki, rika moja na Ambilikile, waliochunga pamoja na kuoa mwaka mmoja. Bonde zima likaenda kuzika. Ikasemwa kwamba shauri la mkamwana litakaliwa huko huko, matanga yakiisha, kwa kuwa kila mwenye neno atakuwepo. Anyisile alisema kaka yake abebwe kwenye machela kama Wazungu wanavyobebwa.

Tusekile alikuwa ameketi na wanawake kando ya nyumba ya marehemu, wakilia. Uwanjani wanaume walikuwa wakiruka, ngoma tatu zinalia, vumbi juu. Kwa kuwa wakwe wengi walikuwa uwanjani, yeye na wakamwana wengine walitazama ukuta, kanga za dukani kwa Mhindi zimefunika vichwa. Moyoni alikuwa akimhesabia mzee hatua, kutoka nyumbani hadi kwenye daraja la magogo, kutoka daraja hadi hapa. Alijua kwamba mguu ule unaweza. Alijua hivyo kwa mikono yake. Kilichomtetemesha ni yule mtu, maana mtu si udongo, akishaanguka mara mbili anaweza kukubali machela.

Kilio cha wanawake kikapungua upande mmoja. Mtu akasema, "Amekuja." Mwingine akasema, "Na fimbo tu." Ngoma moja ikasimama, ya pili ikasimama.

Hapo akazisikia. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole. Wa kulia mzito, wa kushoto mzito vile vile, unachelewa kidogo mwishoni lakini hauruki hatua. Hatua zilipita katikati ya wanaume, zikapita aliposimama Anyisile, zikafika kaburini. Mzee alimwinamia rafiki yake. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka ukutani:

"Nipeni mkuki."

Wanawake wakaguna. Angetile akasema, "Huyu mzee ana wazimu." Ngoma zikaanza, polepole, za zamani. Watu wote wa bonde walimwona Ambilikile akiruka siku ile, isipokuwa wale wanawake wachache waliotazama ukuta, na katika hao alikuwemo mmoja tu aliyeujua mguu ule msuli kwa msuli. Haukuwa mruko mkubwa, watu walisema baadaye. Kuku angepita chini yake kwa shida. Lakini alitua. Tusekile aliusikia mshindo ukipita ardhini na kumpanda magotini alipokuwa amekaa, mshindo mmoja, wa miguu miwili.

Akaanza kulia kwa sauti, na kilio chake kikawa na kicheko ndani, na wanawake wa msiba wakamgeukia, naye hakujali. Nyuma yake alisikia wazee wakiitana kuketi, na mmoja akiuliza ni shauri gani hasa walilokuwa wamelijia, na mwingine akimjibu kwamba limekwisha.

Neli akaja mbio, akamwinamia sikioni, anahema.

"Mama, babu anauliza umesikia?"

Tusekile alijifuta uso kwa kanga. "Mwambie nimesikia. Visigino vyote viwili. Na mwambie nilimruhusu kutembea, sikumruhusu kuruka. Kesho alfajiri namtaka kwenye ngozi, goti limenyooka, maji ya moto yatakuwa tayari."